Mnara Unyamaze Lini? Seli Kubwa na Seli Ndogo katika Mji wa Kale wa Mombasa

Simama Ndia Kuu saa kumi jioni, hatua chache kutoka Fort Jesus, uitazame simu yako. Vijiti vya netiwaki vimejaa. Fungua ukurasa wowote wenye picha, kiduara kitazunguka mpaka uchoke. Wengi wetu hukimbilia kusema bando limeisha au kampuni inatuibia, na mara nyingi si hilo wala hili. Vijiti vile hupima nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye simu, havipimi usafi wake. Simu yaweza kupokea mawimbi makali kutoka minara mitatu kwa mpigo, yote kwa masafa yale yale, na isiambulie neno hata kutoka kwa mmoja.

Watu wakisikia habari ya mawimbi kuingiliana huwaza kampuni mbili zinazovurugana. Sivyo. Safaricom, Airtel na Telkom kila moja imepewa masafa yake na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mipaka baina ya masafa hayo inalindwa kwa sheria na kwa vichujio. Kwa kawaida anayeivuruga kampuni ni kampuni hiyo hiyo. Zamani za GSM, mtandao wa 2G, ugomvi huu wa ndani ulikuwa mdogo kwa sababu seli mbili jirani, yaani maeneo mawili yanayohudumiwa na antena mbili tofauti, hazikupewa chaneli moja. Chaneli ya seli hii ilirudiwa mbali huko, mahali isikoweza kusikika. Ulikuwa utaratibu salama lakini wa ubadhirifu, maana kila seli ilitumia kipande kidogo tu cha mali iliyopo. 3G ikauvunja utaratibu huo kwa namna yake, na 4G, ambayo Safaricom iliizindua Nairobi na Mombasa Desemba 2014, haikuurudia. Siku hizi seli hutumia chaneli nzima, na jirani yake hutumia chaneli nzima ile ile. Aliye karibu na mnara akapata kasi ambayo hajawahi kuiona. Gharama yake hulipwa na aliye mpakani.

Na Kisiwa cha Mombasa ni mahali pa mipaka mingi. Eneo lake ni kama kilomita 14 za mraba, limezungukwa na maji, na kila asubuhi hupokea maelfu ya watu kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe wanaokuja kazini na simu zao mfukoni. Sensa ya 2019 iliihesabia kaunti nzima watu 1,208,333. Vituo vikubwa vya simu vimekaa juu ya mapaa ya majengo marefu ya mjini, vikitazama barabara pana. Mji wa Kale haukujengwa kwa ajili ya kutazamwa kutoka juu. Vichochoro vya Kibokoni na Mkanyageni vingine havizidi mita mbili tatu kwa upana, na nyumba zake za ghorofa zimesimama kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Mnara mrefu hapo hausimamishwi kirahisi. Fort Jesus iliingia katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na mji unaoizunguka ni eneo la uhifadhi lililo chini ya jicho la Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, yenye nguvu za Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006.

Jibu la wahandisi wa redio kwa mahali kama hapa ni seli ndogo: kisanduku kinachobebeka kwa mkono mmoja, kinachofungwa ukutani au kwenye nguzo ya taa, chenye nguvu ya wati 1 hivi, kikahudumia kichochoro kimoja au viwili. Mnara ulio nje ya mtaa hurusha wati 40 kwa kila upande wake. Vyote viwili ni vya kampuni moja na vinatumia masafa mamoja. Tatizo lote la uchambuzi huu limo katika tofauti hiyo ya wati.

Tuipigie hesabu, maana bila hesabu mjadala huu hugeuka porojo. Wati 40 dhidi ya wati 1 ni tofauti ya desibeli 16. Antena ya mnara ni ndefu na hukusanya mawimbi upande mmoja, kwa hiyo huongeza nyingine kama 12 juu ya antena ya kisanduku. Jumla ni desibeli 28. Tuseme mnara uko mita 400 kutoka kisanduku chetu, na mawimbi yanafifia kwa kasi ya kawaida ya mjini, sawa kwa wote wawili. Ukitoka penye kisanduku ukaenda kuelekea mnarani, utafika mahali ambapo nguvu zao zinalingana. Mahali hapo ni mita 55 tu kutoka kisanduku. Baada ya hapo simu inaukimbilia mnara. Kampuni imenunua kisanduku, imevuta umeme na faiba, imelipa kodi ya ukuta, na imepata mita 55. Kisanduku kinakaa nusu bure huku mnara ukielemewa.

Hapo ndipo ulipozaliwa ujanja wa kwanza. Simu haichagui seli kwa hiari yake, hufuata vipimo pamoja na maagizo ya mtandao. Mtandao unaweza kuiagiza iongeze desibeli 9 za bure kwenye kipimo cha kisanduku kabla ya kulinganisha. Kwa hesabu ile ile mpaka unasogea kutoka mita 55 hadi karibu 90, na eneo linalohudumiwa linakuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Inapendeza kwenye karatasi. Kichochoroni, simu iliyo kwenye mpaka huo mpya imelazimishwa kuzungumza na kisanduku huku mnara ukisikika kwa nguvu mara nane zaidi. Imehamishwa kutoka foleni ndefu ikawekwa kwenye makelele.

Upande wa pili wa mazungumzo, yale mawimbi yanayopanda kutoka simu kwenda kituoni, una mpaka wake tofauti kabisa, na huu ndio upande ambao makala nyingi huupita haraka. Simu ni ile ile, ina nguvu isiyozidi robo ya wati, iwe inaongea na mnara au na kisanduku. Kwa hiyo tofauti ya wati 40 na wati 1 haina maana hapa, inabaki tofauti ya antena peke yake. Katika mfano wetu mpaka wa kupanda uko kama mita 125 kutoka kisanduku. Simu iliyo kati ya mita 55 na 125 inausikia mnara vizuri zaidi, lakini yenyewe inasikika vizuri zaidi na kisanduku. Ikishikamana na mnara italazimika kupaza sauti ili ifike mbali, na kelele zake zote zitaanguka kwenye kisanduku kilicho jirani, zikifunika simu dhaifu zinazojaribu kukifikia. Muuza kahawa anayetuma video akiwa mita 80 kutoka kisanduku, ameshikwa na mnara, anaweza kumkatia simu mama aliye ndani ya nyumba mita 40 upande wa pili. Hakuna kati yao atakayejua. Betri ya muuza kahawa nayo inaisha kabla ya magharibi.

Kwa hiyo zile desibeli 9 za kupendelea kisanduku si dhuluma kwa simu. Kwa upande wa kupanda ni haki kabisa. Kinachobaki ni kuilinda simu isizibwe masikio wakati wa kushuka.

Taasisi inayoandika kanuni za mitandao ya simu duniani, 3GPP, imelihangaikia jambo hili tangu Toleo la 8 lililokamilika mwishoni mwa 2008, lile lililoizaa 4G yenyewe. Wazo la kwanza lilikuwa kugawana masafa kwa mapatano: seli jirani zitumiane ujumbe, moja ikiarifu kuwa itatumia nguvu kubwa kwenye kipande hiki cha chaneli, nyingine iziweke simu zake za mpakani kwenye kipande kingine. Kati ya mnara na mnara ilisaidia. Kati ya mnara na kisanduku ilikwama, na sababu yake ni ya kiufundi lakini haiepukiki. Kila milisekunde ya 4G huanza na maagizo yanayoiambia kila simu data yake iko wapi, na maagizo hayo husambazwa juu ya chaneli nzima. Data yaweza kuhamishwa kipande, maagizo hayahamishiki. Simu isiyosikia maagizo haijui hata kama imetumiwa kitu.

Toleo la 10, la mwaka 2011, likaacha kugawana masafa likagawana muda. Fikiria mhadhara uwanja wa Makadara, mhadhiri ana vipaza sauti vinne, na wazee wawili kwenye baraza ng'ambo ya barabara wana lao la kuzungumza. Hawawezi kumshinda. Wanachoweza ni kungoja anyamaze kidogo avute pumzi, waseme lao. Ikiwa wanajua mapema atanyamaza lini, mazungumzo yao yatakwenda bila shida. Ndivyo inavyofanyika. Muda wa 4G umekatwa vipande vya milisekunde moja moja, na mnara hukubali kuviacha wazi baadhi ya vipande hivyo kwa mpangilio unaojulikana, unaojirudia kila milisekunde 40. Kisanduku kinapewa ratiba, na katika vipande hivyo ndimo kinamohudumia simu zake za mpakani. Zile zilizo karibu nacho huhudumiwa wakati wowote, kwa kuwa haziathiriki.

Watu wa kampuni husita hapa, na kusita kwao kuna msingi. Kunyamaza ni kupoteza. Mnara ukinyamaza vipande viwili katika kila kumi, umetoa sadaka asilimia 20 ya muda wake. Je, inarudi? Chukua upande mmoja wa mnara wenye simu 60 zinazotumia data. Bila kisanduku kila moja inapata sehemu 1 katika 60, yaani asilimia 1.67 ya muda. Sasa kisanduku kimebeba simu 20. Zilizobaki 40 zinagawana asilimia 80, kila moja inapata asilimia 2. Mnara umenyamaza na bado watu wake wamefaidika, achilia mbali wale 20 waliohamia kwenye kisanduku chenye nafasi. Lakini kisanduku kikibeba simu 6 tu, zilizobaki 54 zinagawana zile asilimia 80 na kila moja inashuka hadi 1.48. Watu 54 wameumizwa kwa ajili ya 6. Mizani husimama sawa kwenye simu 12, ambazo ni asilimia 20 ya simu zote. Kanuni inayotoka humo ni nyepesi: mnara usinyamaze kwa sehemu kubwa kuliko sehemu ya simu ulizopunguziwa. Kanuni nyepesi, na nadhani hii ndiyo inayovunjwa kuliko zote, kwa sababu idadi ya simu mahali pamoja haitulii.

Mji wa Kale unaonyesha hilo wazi kuliko mtaa wowote ninaoujua. Siku ya kawaida mzigo uko Biashara Street na Marikiti tangu asubuhi, watu wakichagua leso, wakilipa kwa M-Pesa, wakimpigia wa nyumbani simu ya video aone rangi. Jioni maduka yakifungwa mzigo unahamia majumbani na barazani. Ukifika mwezi wa Ramadhani saa zinapinduka. Mchana mzima vichochoro vimetulia, baada ya alasiri barabara za kuuzia futari zinajaa, wakati wa kufuturu simu zinalazwa, kisha baada ya tarawehe mji unaamka upya mpaka karibu na daku. Kumi la mwisho, kuelekea Idi, Biashara Street haipitiki. Tena meli ya watalii ikitia nanga Kilindini, kwa saa chache za asubuhi Fort Jesus na Ndia Kuu hupokea mamia ya simu za kigeni zinazotuma picha. Ratiba moja ya kunyamaza iliyowekwa Januari haiwezi kufaa yote hayo. Kanuni za 3GPP zinaruhusu mnara na visanduku kupeana habari za mzigo na kubadili ratiba kila inapobidi. Kishawishi cha mhandisi mwenye vituo mia mikononi ni kuweka mpangilio mmoja na kusahau, na hapo ndipo chombo kizuri kinapogeuka hasara.

Kuna kasoro nyingine ndani ya ukimya wenyewe. Mnara haunyamazi kabisa. Hata katika vipande vilivyo wazi unaendelea kutoa ishara zake za utambulisho, kwa kuwa simu za zamani zingedhani umezimika. Ishara hizo ni chache lakini ni kali, na kwa simu iliyo mpakani zinatosha kuharibu sehemu ya data. Toleo la 11 liliifundisha simu kuzitambua ishara za mnara na kuziondoa kwa hesabu kabla ya kusoma ujumbe. Sharti lake ni simu yenye uwezo huo, na si kila simu ya bei nafuu inayouzwa Mombasa inayo. Kampuni yaweza kununua vifaa vya hali ya juu kabisa, na bado kasi ya kichochoro ikaamuliwa na simu zilizo mikononi mwa watu.

Hayo yote yanachukulia kuwa mnara ni mmoja. Nenda upande wa bahari, mahali Mji wa Kale unapotazama English Point na Mkomani kuvuka maji ya Tudor, uone mambo yanavyozidi kuharibika. Juu ya maji hakuna jengo wala mti wa kuyazuia mawimbi. Antena iliyowekwa Nyali, ng'ambo ya maji hayo, kwa ajili ya Nyali inafika mpaka roshani za Mji wa Kale ikiwa bado na nguvu nyingi. Mtu aliyekaa barazani akitazama majahazi anasikia seli nne au tano, hakuna iliyo wazi kuzidi nyingine, na simu yake inahamahama baina yao kila dakika. Ukiweka kisanduku pale, nani anyamaze? Minara yote mitano ikinyamaza kwa wakati mmoja, Nyali nzima inalipa gharama ya roshani tano. Ikinyamaza kwa nyakati tofauti, ukimya hauna maana, kwa kuwa wakati huu akinyamaza huyu, yule anaendelea.

Dawa ya hapo ni ya kale na ni rahisi: kuinamisha antena. Antena iliyo mita 30 juu ya ardhi ikiinamishwa nyuzi 2, kiini cha mwale wake hugusa chini mita 860 mbele. Ikiinamishwa nyuzi 6 hugusa mita 285. Nyuzi nne tu, ambazo kwenye antena nyingi za kisasa hurekebishwa kwa kompyuta bila mtu kupanda mlingoti, zinaweza kuiondoa Nyali kwenye roshani za Ndia Kuu. Kuna mahali dawa hii ina madhara. Kwenye kivuko cha Likoni, ukiinamisha antena za pande zote mbili kupita kiasi, utaacha feri iliyojaa watu bila huduma katikati ya mlango wa bahari. Likoni ihesabiwe peke yake. Lakini upande wa Tudor hakuna feri, na sioni sababu ya kuanza na teknolojia ya kunyamazisha kabla bisibisi, au kompyuta, haijatumika.

Nyumba za Mji wa Kale nazo zinalaumiwa. Lawama hiyo inasikika kila mahali: kuta nene, hakuna netiwaki ndani. Ni kweli kwa anayeutegemea mnara ulio nje. Ukuta wa matumbawe wenye unene wa nusu mita unaweza kula desibeli 15 kwa urahisi, yaani unapitisha sehemu moja ya nguvu katika thelathini na mbili, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo ukuta unavyozidi kula. Sasa geuza upande. Weka kisanduku ndani ya nyumba hiyo, cha sehemu ya kumi ya wati. Ukuta ule ule unauzuia mnara usiingie kukisumbua, na unakizuia kisanduku kisitoke kuwasumbua walioko nje. Kazi ambayo Toleo la 10 linaifanya kwa ratiba na ujumbe, ukuta unaifanya kwa chokaa, saa 24, bila leseni ya programu. Wanaovuja ni madirisha na milango ya mbao, na hao wanajulikana walipo. Ndiyo sababu naona visanduku vya kwanza katika Mji wa Kale viende ndani, penye ofisi, maduka ya ghorofa, nyumba za wageni na majengo ya umma, na vile vya kichochoroni vifuate baadaye.

Tahadhari moja kuhusu visanduku vya ndani. Viko vinavyohudumia simu zilizosajiliwa tu, za wenye nyumba. Vodafone ilianza kuviuza kwa wateja wa Uingereza mwaka 2009, na huko, ambako nyumba nyingi zina bustani mbele, jirani hasumbuki sana. Katika Mji wa Kale mgeni hukaa barazani, nusu mita kutoka mlangoni. Simu yake inakisikia kisanduku kwa nguvu kubwa, inakataliwa kuingia, na haiwezi tena kuusikia mnara. Mwenyeji ana netiwaki safi, mgeni wake hana kitu. Kwa ujenzi wetu na desturi zetu, kisanduku cha ndani kiwe wazi kwa kila mteja wa kampuni hiyo, au kisiwekwe.

Wapo waliokata tamaa ya kungoja wakajinunulia viongeza mawimbi. Antena moja juu ya paa, waya, kisanduku sebuleni, na vijiti vinapanda. Sheria ya Kenya inataka kifaa cha mawasiliano kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka, na vingi vya hivi vinavyoagizwa kimya kimya havijaona mlango wa Mamlaka. Ubaya wake hauishii kwenye karatasi. Kifaa kisichojua kujizuia hukuza kila kinachokifikia, mawimbi na kelele pamoja, na kuzituma mnarani mchana na usiku hata kama hakuna anayepiga simu. Antena ya ndani na ya nje zikikaribiana, kama zinavyokaribiana katika nyumba nyembamba, kifaa huanza kujikuza chenyewe na kumwaga kelele tupu. Kituo kinachopaswa kusikia simu dhaifu kutoka nyuma ya kuta hakisikii tena. Hapa hata ratiba ya kunyamaza haifai kitu, kwa kuwa msumbufu hayumo kwenye mtandao na hapokei maagizo ya mtu. Kifaa kimoja cha mwenye duka kinaweza kuondoa faida ya visanduku vya mtaa mzima.

5G, ambayo Safaricom iliifungua kwa biashara Oktoba 2022, imerekebisha sehemu ya matatizo haya tangu kwenye msingi. Toleo la 15 la mwaka 2018 liliacha zile ishara zinazotolewa kila wakati, kwa hiyo mnara usio na kazi hunyamaza karibu muda wote. Miale yake ni myembamba na huelekezwa penye simu. Ila katika masafa kama ya megahezi 3,500, kituo na simu hupokezana muda kwenye chaneli moja, na vituo vyote jirani lazima vibadilishane zamu kwa wakati mmoja, bila kupishana zaidi ya mikrosekunde chache. Kimoja kikikosea saa, kitakuwa kinarusha wakati jirani anasikiliza. Saa hiyo huchukuliwa angani kwa GPS au hupitishwa kwenye faiba. Kichochoro cha mita mbili kinaona utepe mwembamba wa anga, kwa hiyo mara nyingi saa itapitia kwenye faiba, na faiba itabidi ivutwe. Mombasa ndipo nyaya za baharini zilipotua, SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, na mtandao wa nchi jirani kadhaa ukapitia pwani hii. Mita mia za mwisho kuingia Kibokoni ndizo ngumu.

Wapo wanaosema haya yote ni kujisumbua: mnara upewe masafa yake, visanduku vipewe mengine, ugomvi uishe. Wana hoja, na kwa leo hii, mahali visanduku ni vichache, ningewafuata. Mnara ubaki na megahezi 800 na 900 zinazopenya mbali, kisanduku kipewe kipande cha masafa ya juu ambayo hata hivyo hayavuki kuta. Hakuna ratiba, hakuna saa, simu ya bei yoyote inafaidika. Gharama yake ni kwamba kila tabaka linakaa na mali pungufu, na masafa nchini hayatolewi bure. Safaricom ililipa dola milioni 25 kwa leseni ya megahezi 800 peke yake. Siku visanduku vitakapokuwa vinabeba theluthi ya simu za Mji wa Kale, kutenga masafa kutakuwa ni kuacha mali ilale, na ndipo mnara ufundishwe kunyamaza. Kuanza na ukimya kabla ya siku hiyo ni kununua ugumu usiohitajika.

Kwa wenye nyumba wa Mji wa Kale, watakaobishiwa hodi na mawakala wa kampuni wakiomba sehemu ya ukuta: kodi ya mwezi si jambo la kwanza la kuuliza. Uliza kwanza kama ofisi ya uhifadhi imeona mchoro. Uliza kisanduku kitatumia masafa ya mnara au yake, na kama kitapokea simu ya kila mteja anayepita. Uliza waya zitapita wapi na nani atakuja kuziondoa mkataba ukiisha. Na ikiwa juu ya paa lako kuna kiongeza mawimbi kisicho na kibali, kizime leo, kabla hujailaumu kampuni.